Maswali ya Wasomaji: Pedali ya Gitaa Inayotoa Sauti Zilizohifadhiwa

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu kifaa kimoja: pedali ambayo mpiga gitaa huikanyaga ili itoe sauti iliyorekodiwa na kuhifadhiwa ndani yake mapema (sauti hiyo huitwa sampuli), iwe ni pigo moja la ngoma, neno lililotamkwa, kiitikio cha waimbaji, au kipande kizima cha besi na dramu. Msomaji asiichanganye na pedali ya lupu, ambayo hurekodi papo hapo kile kinachopigwa na kukirudia, ingawa vipo vifaa vinavyofanya kazi zote mbili. Nimeanza na swali lililoulizwa na wengi zaidi.

SWALI: Ndugu mhariri, nimehifadhi pigo zito la ngoma katika pedali yangu ya sampuli, na ninataka lisikike pamoja na kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ya kwanza ya kiitikio. Kila nikikanyaga, pigo linatoka nyuma kidogo ya gitaa, hata nikijitahidi kuwahi. Mwenzangu anayepiga dramu anasema mguu wangu ni mzito. Je, tatizo ni mguu au ni kifaa?

JIBU: Usiulaumu mguu kabla ya kulichunguza faili lenyewe, kwa sababu mara nyingi ucheleweshaji huanzia hapo. Lifungue katika programu ya kuhariri sauti, ulikuze wimbi lake mpaka uone mwanzo kabisa, kisha utazame kama kuna mstari ulionyooka kabla wimbi halijainuka. Mstari huo ni ukimya. Sauti iliyorekodiwa kwa simu, au iliyokatwa haraka kutoka katika rekodi ndefu, huwa nao karibu kila mara, na mtu anayelisikiliza faili peke yake hawezi kuutambua. Lakini katika wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, ambapo pigo moja huchukua milisekunde 500, ukimya wa milisekunde 50 ni sehemu ya kumi ya pigo, na mpiga dramu yeyote ataugundua. Ukate wote, ili wimbi lianze pale pale faili linapoanza. Kama faili ni la MP3, elewa kwamba ufinyazaji wa aina hiyo huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni, na kuligeuza baadaye kuwa WAV, yaani faili lisilofinywa, hakuuondoi mpaka uukate mwenyewe. Ndiyo maana ninawasihi wasomaji warekodi na kuhifadhi kwa WAV tangu mwanzo.

Zipo pia sauti ambazo hazina ukimya wowote mwanzoni lakini huchelewa kwa asili yake. Fidla inayopigwa kwa upinde, au waimbaji wanaoingia taratibu, huanza kwa sauti ndogo na kukua, na sikio huhesabu pigo pale sauti inapojaa, haliangalii pale ilipoanza. Kwa sauti za namna hiyo una njia mbili: kuukata mwanzo mpaka karibu na pale inapojaa, au kuzoea kukanyaga kabla ya pigo. Mimi napendelea njia ya kwanza, kwa kuwa mguu unaolazimika kuwahi katika wimbo mmoja na kwenda sawa na pigo katika wimbo unaofuata hautakuwa na uhakika katika wimbo wowote.

Faili likishakuwa safi, ichunguze swichi. Swichi nyingi za pedali hizi zimepewa kazi zaidi ya moja: kukanyaga mara moja huanzisha sauti, kukanyaga mara mbili huisimamisha, kushikilia hufuta au hubadilisha benki, yaani kundi la sampuli zilizopangwa pamoja. Kifaa hakiwezi kujua kama utakanyaga mara ya pili mpaka kingoje kidogo, na hakiwezi kujua kama utashikilia mpaka uinue mguu; kwa hiyo baadhi ya pedali hutoa sauti baada ya kungoja huko, na nyingine huitoa mguu unapoondoka tu. Jipime kwa njia rahisi: kanyaga, ushikilie, usiinue. Sauti isipotoka mpaka uinue mguu, umekwisha kumpata mchelewaji. Ingia katika mipangilio ya kifaa uiondolee swichi hiyo kazi ya pili, au kama hairuhusu, chomeka swichi ya nje na kuipa kazi moja tu ya kuanzisha sauti. Hapo uwe mwangalifu, kwa kuwa kuna swichi inayorudi yenyewe mguu unapoondoka na kuna inayobaki pale ilipobanwa; ukichomeka ya aina ya pili katika pedali inayotarajia ya kwanza, huenda ukakuta sauti inatoka kila unapokanyaga mara mbili, na utadhani kifaa kimeharibika.

Wasomaji wawili wameuliza kama waya wa MIDI, unaopeleka amri kati ya vifaa vya muziki, ndio unaochelewesha. Mfumo wa MIDI, uliotoka mwaka 1983, hupeleka biti 31,250 kwa sekunde, na ujumbe wa noti moja wenye baiti 3 huchukua takriban milisekunde 1, kiasi ambacho hakuna sikio litakalokilalamikia. Umbali wa spika una uzito mkubwa zaidi, kwa sababu sauti hewani hutembea karibu mita 343 kwa sekunde, yaani karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Ukiwa umesimama kando ya amplifaya yako huku sampuli ikikufikia kutoka spika iliyo mita 6 mbali, tayari umeongezewa milisekunde 17. Na visikilizio vya Bluetooth visitumike kabisa kwa kazi hii, kwani ucheleweshaji wake mara nyingi huzidi milisekunde 100.

Baada ya hayo yote ndipo tunaufikia mguu. Kisigino kikae chini, ncha ya mguu iwe tayari juu ya swichi tangu kipimo kimoja (kundi la mapigo, mara nyingi manne) kabla, na nguvu itoke kwenye kifundo. Anayeinua mguu mzima kutoka sakafuni huwa anakisia, na makisio yake hubadilika kadiri anavyochoka.

SWALI: Sampuli zangu zinasikika vizuri kwenye visikilizio, lakini zikipita katika amplifaya ya gitaa zinakuwa butu, na nikiwasha distoshani (pedali inayokwaruza sauti ya gitaa) zinageuka kelele tupu. Pedali hii inapaswa kukaa wapi katika mpangilio wa pedali zangu?

JIBU: Amplifaya ya gitaa ilitengenezwa kwa ajili ya gitaa. Spika yake ya inchi 12 haina mwenzake mdogo wa kutoa sauti nyembamba, na nguvu yake hushuka kwa kasi juu ya takriban hezi 5,000, yaani mitetemo 5,000 kwa sekunde. Upungufu huo ndio unaoifanya distoshani ya gitaa ipendeze, kwa kuwa huondoa ukali unaochoma masikio. Lakini mng'ao wa matoazi na milio ya herufi kama s na sh katika maneno yaliyotamkwa huishi huko huko juu. Chini nako kuna mpaka. Waya mnene wa gitaa la kawaida hutetema mara 82 hivi kwa sekunde, ilhali ule wa gitaa la besi hutetema mara 41, na amplifaya nyingi za gitaa hazikukusudiwa kushuka kufika huko. Kwa hiyo dramu, besi na sauti za watu zipelekwe kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, na spika kubwa za ukumbi, na gitaa libaki katika amplifaya yake.

Kuhusu distoshani, jambo la kuelewa ni kwamba haikuzi kila noti peke yake. Noti mbili zikiingia humo kwa pamoja, huzaliwa noti nyingine ambazo ni jumla na tofauti ya mitetemo ya zile mbili, na nyingi kati ya hizo haziafikiani na wimbo. Kwa kodi ya noti mbili zinazopatana, matokeo hupendeza. Kwa kipande chenye dramu, besi na kinanda, matokeo ni hayo uliyoyasikia. Pedali ya sampuli basi ikae baada ya distoshani, na ikiwezekana mwisho kabisa wa mpangilio. Mwenye amplifaya moja tu na asiye na mikisa atafute nyuma ya amplifaya tundu la kurudishia sauti kutoka pedali za nje. Sauti inayoingizwa hapo hukwepa sehemu ya mbele ya amplifaya, ile inayokoleza na kuchafua, nayo hutoka safi zaidi, ingawa mipaka ya spika hubaki pale pale.

Pedali kadhaa huchanganya gitaa na sampuli katika tundu moja la kutokea, na wenye pedali hizo huniandikia wakiwa wamekata tamaa. Suluhisho lipo, na halihitaji kununua chochote kipya: usipitishe gitaa ndani ya pedali hiyo. Acha tundu lake la kuingizia gitaa likiwa tupu, peleka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, na pedali ya sampuli iende peke yake kwenye mikisa.

Kuna hali moja ambayo ningeyageuza haya yote. Kama sampuli zenyewe ni gitaa, ulilolirekodi likiwa kavu bila pedali yoyote, ziweke mwanzo wa mpangilio ili zipite katika distoshani ile ile na amplifaya ile ile unayotumia ukipiga kwa mkono. Gitaa lililohifadhiwa na gitaa la papo hapo yatafanana kiasi kwamba msikilizaji hatatambua mpaka kati yake, na huo ni mmoja wa matumizi mazuri zaidi ya kifaa hiki.

Neno la mwisho hapa ni kuhusu ukubwa wa sauti. Mafaili yaliyopandishwa mpaka kilele hutoka na nguvu kuliko gitaa, na huweza kuielemea pedali inayofuata. Acha nafasi ya desibeli 6 hivi kutoka kileleni. Usilinganishe sampuli kwa kutazama vilele vya mawimbi, kwa kuwa pigo la ngoma na kundi la waimbaji vyenye kilele kimoja havisikiki kwa ukubwa mmoja hata kidogo. Linganisha kwa sikio, ukiwa umefungua sauti kwa kiwango kile kile unachopigia, maana sauti ikiwa ndogo sikio huipunguza besi, na lupu uliyoipanga usiku kwa sauti ya chini itakuja kunguruma ukumbini.

SWALI: Nikiunganisha pedali ya sampuli na nyingine kwenye adapta moja, natokewa na mlio mwembamba kama filimbi, na nikiipeleka kwenye mikisa natokewa na mvumo mzito. Nifanye nini?

JIBU: Hizo ni kelele mbili zenye vyanzo viwili. Filimbi hutokana na mitambo ya kidijitali ya pedali hiyo kuchafua umeme wanaougawana wote, na dawa yake ni chanzo cha umeme ambacho kila tundu lake limetengwa na mengine. Soma pia mahitaji ya kifaa: pedali ndogo ya distoshani hutosheka na miliampea chache, ya sampuli huenda ikahitaji mamia, na ikinyimwa hujizima katikati ya wimbo. Volti 9 zenye hasi katikati ni kawaida ya pedali nyingi, lakini kawaida hiyo haizihusu zote, kwa hiyo soma maandishi yaliyo kando ya tundu kabla ya kuchomeka.

Mvumo mzito, wa hezi 50 au 60 kutegemea umeme wa mahali ulipo, hutokea pale gitaa linapokwenda kwenye amplifaya na sampuli kwenye mikisa, kila upande ukiwa na njia yake ya kwenda ardhini, na njia hizo mbili zikafanya mzunguko. Weka kisanduku cha DI (kinachounganisha ala na mikisa) chenye transfoma kati ya pedali na mikisa, kisha ubonyeze swichi yake ya kukata ardhi. Kamwe usikate wala kuziba pini ya ardhi ya plagi ya amplifaya ili kuondoa mvumo. Pini hiyo ndiyo inayokulinda usipigwe na umeme hitilafu ikitokea, na wapo wanamuziki waliokufa jukwaani kwa kupigwa na umeme.

SWALI: Nina lupu ya dramu ya vipimo vinne. Inapojirudia inatoa mlio mdogo wa "tak", na baada ya muda inaachana na lupu ya pili ninayoitoa sambamba nayo. Nimekata kwa uangalifu mkubwa. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa ni kukata kwa macho. Urefu wa lupu ni jambo la hesabu, na hesabu yenyewe ni nyepesi: gawanya sekunde 60 kwa idadi ya mapigo kwa dakika, kisha uzidishe kwa mapigo yote yaliyo ndani ya lupu. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika una pigo la sekunde 0.6, kipimo cha mapigo 4 ni sekunde 2.4, vipimo vinne ni sekunde 9.6 kamili. Katika faili la kawaida la vipande 44,100 kwa sekunde, vipande vidogo sana ambavyo sauti ya kidijitali hugawanywa, hivyo ni vipande 423,360, na programu yoyote ya kuhariri itakuonyesha idadi hiyo ukiiomba. Ukikata kwenye sekunde 9.65, kila mzunguko huchelewa milisekunde 50, na kufikia mzunguko wa kumi umeachwa nusu sekunde nzima, karibu pigo moja.

Mlio wa "tak" una sababu nyingine. Wimbi likikatwa likiwa juu, na mwanzo wa lupu ukawa chini, spika hulazimishwa kuruka kutoka mahali hadi mahali kwa ghafla, nawe unausikia mruko huo. Kata pale wimbi linapovuka mstari wa katikati, au uweke mfifio, yaani sauti kupanda au kushuka taratibu, wa milisekunde 2 hadi 5 katika ncha zote mbili.

Liko tatizo la tatu ambalo hukuliuliza lakini utakutana nalo ukishakata kwa usahihi: toazi lililopigwa katika kipimo cha nne bado linalia sekunde 9.6 zinapotimia, na lupu inapoanza upya mlio wake unakatika kana kwamba mtu amelishika kwa mkono. Rekodi mpigo huo huo mara tatu mfululizo bila kusimama, kisha uchukue mzunguko wa katikati. Mwanzo wake utakuwa na mlio wa toazi la mzunguko uliotangulia, na lupu itaungana bila kuonyesha mshono. Njia hii hufaa kwa gitaa, kinanda na kitu chochote chenye mkia mrefu, nami siijui iliyo bora kuliko hiyo.

Kama lupu zako mbili ziko katika vifaa viwili tofauti, hesabu sahihi peke yake haitoshi, kwani saa za vifaa viwili hazilingani kikamilifu. Viunganishe kwa saa ya MIDI, ambayo hutuma alama 24 kwa kila noti ya robo, na uchague kifaa kimoja kiwe kiongozi na kingine kifuate. Na mpiga dramu, kama yupo, apewe lupu hiyo masikioni mwake kwa sauti ya kutosha. Binadamu wawili wakipishana husogeleana bila kuambiana. Sampuli haisogei, kwa hiyo anayesikia ndiye anayepaswa kuifuata.

SWALI: Bendi yetu hushusha nyuzi zote nusu toni kwa ajili ya mwimbaji. Sampuli zilirekodiwa katika kiwango cha kawaida. Tuzishushe au turekodi upya?

JIBU: Mkiweza kurekodi upya, rekodini upya. Mkishindwa, jueni kuna njia mbili za kushusha na zina gharama tofauti. Njia ya kwanza ni kupunguza mwendo wa kucheza. Ukishuka nusu toni, sauti hurefuka kwa karibu asilimia 6, na lupu ya sekunde 9.6 inakuwa ya sekunde 10.17, kwa hiyo wimbo wenyewe lazima upunguze mwendo. Njia hii haidhuru ubora wa sauti, nayo ni salama kabisa kwa pigo moja lisilofuata mwendo wa wimbo. Njia ya pili hushusha noti bila kugusa urefu, na kwa nusu toni moja programu nzuri huifanya kwa namna inayokubalika, ingawa mapigo ya ngoma hupoteza ukali wake kidogo. Ngoma na matoazi, kwa hakika, mara nyingi hayana haja ya kushushwa. Shusheni vyenye noti, muache vyenye mapigo. Kabla ya lolote, pimeni sampuli kwa tyuna, kifaa cha kupimia noti, kwa sababu si kila rekodi ilipigwa kwa kiwango cha kawaida cha hezi 440 kwa noti A.

SWALI: Mwalimu wangu wa gitaa anasema kutoa sauti zilizorekodiwa jukwaani ni kuwadanganya wasikilizaji. Nimeanza kuona aibu kuitumia pedali hii. Una maoni gani?

JIBU: Mwalimu wako ana hoja inayostahili heshima, lakini nadhani imelenga kifaa badala ya kulenga matumizi yake. Wanamuziki wamekuwa wakitoa sauti zilizohifadhiwa jukwaani kwa zaidi ya nusu karne. Mellotron, kinanda kilichotoka Birmingham, Uingereza, mwaka 1963, kilikuwa na utepe wa sumaku chini ya kila kitufe, wenye rekodi ya fidla, filimbi au waimbaji. Utepe huo ulidumu takriban sekunde 8, kisha sauti ikaisha na ilibidi utepe urudi mwanzo kabla ya kutumika tena. Wapigaji walilazimika kupanga vidole vyao ili noti moja ichukue nafasi ya nyingine kabla utepe haujaisha, na kutokana na kizuizi hicho wakazaa namna ya kupiga ambayo haikuwahi kuwapo. Kilipokuja Fairlight CMI kutoka Australia mwaka 1979, kikihifadhi sauti kwa kompyuta, sauti nyingi za mwanzo zilikuwa fupi kwa sababu kumbukumbu ilikuwa ndogo, nazo pia zikageuzwa ala.

Ninalolitoa hapo ni hili: sampuli fupi hupigwa, sampuli ndefu hufuatwa. Ukihifadhi pigo moja, neno moja au kodi moja ya waimbaji, uamuzi wa lini itoke unabaki kwako kila mara, na ukiharakisha au ukirefusha kiitikio kwa sababu watu wamekipenda, sampuli inakuja pamoja nawe. Ukihifadhi dakika 4 za dramu, besi na kinanda, umekwisha kuamua jana jinsi utakavyopiga leo, na gitaa lako limekuwa mfuasi wa rekodi. Mpigaji wa peke yake anaweza kuwa na sababu njema ya kufanya hivyo, nami simlaumu. Lakini kwa wewe unayeanza, jizuie kwa muda na sampuli zisizozidi sekunde chache, na uchague zile ambazo gitaa haliwezi kuzitoa: pumzi, kengele, mlango unaofungwa, sauti ya mtu. Zipige kama unavyopiga nyuzi, kwa nguvu na kwa ukimya kati yake, kisha umwalike mwalimu wako aje asikilize.

SWALI: Pedali inasoma baadhi ya mafaili na kuyaacha mengine, na inayapanga ovyo. Kadi ni mpya.

JIBU: Umbiza kadi ndani ya pedali yenyewe, usiumbize kwenye kompyuta. Mafaili yote yawe WAV ya aina inayotajwa katika kitabu cha maelekezo, ambayo mara nyingi ni vipande 44,100 kwa sekunde na biti 16. Faili la biti 24 au la vipande 48,000 linaweza kukataliwa, au, katika vifaa visivyolibadilisha, likatoka kwa mwendo na kiwango kisicho chake. Majina yaanze na tarakimu zenye sifuri mbele, 01, 02, 03, kwa sababu vifaa vingi huiweka 10 kabla ya 2. Kama unatumia kompyuta ya Apple, futa mafaili yaliyofichika yanayoanza na nukta, kwani pedali fulani huyahesabu kama sampuli. Nafasi isikutie wasiwasi: dakika moja ya WAV ya stereo huchukua takriban megabaiti 10. Hifadhi nakala katika kadi ya pili na uibebe.

SWALI: Nimesikia kwamba kipande kisichozidi sekunde kadhaa cha wimbo wa mtu mwingine kinaruhusiwa kutumika bila idhini. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Hakuna idadi ya sekunde inayotolewa bure kwa ujumla, na imani hii imewaingiza wanamuziki wengi mashakani. Kila rekodi ina haki mbili: ya mtunzi wa wimbo na ya mwenye rekodi, na anayechukua kipande huzigusa zote mbili. Mwaka 1991 mahakama ya shirikisho huko New York ilizuia albamu iliyotumia kipande cha wimbo bila idhini. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyoanzishwa na wanamuziki wa kundi la Kraftwerk la Ujerumani kuhusu kipande cha takriban sekunde 2, iliamua kwamba hata kipande kifupi sana kinahitaji idhini ya mwenye rekodi, isipokuwa kama kimebadilishwa kiasi ambacho sikio haliwezi kukitambua. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo utakapotaka kutoa rekodi uliza mwanasheria au chama cha hakimiliki cha nchi yako. Makusanyo ya sampuli yanayouzwa huja na leseni. Isome, kwani kwa kawaida hukuruhusu kuzitumia ndani ya wimbo lakini hukukataza kuziuza zikiwa peke yake. Kwa pedali ya miguu ninapendekeza njia iliyo fupi kuliko zote, ambayo ni kurekodi sauti zako mwenyewe. Utakuwa na kiwango chako, mwendo wako na ukubwa wako wa sauti, na hutamwomba mtu ruhusa.

SWALI: Nikikanyaga swichi isiyo yake katikati ya wimbo, nifanyeje?

JIBU: Jambo hili hupangwa kabla. Mipangilio mingi ya pedali hizi hukupa namna tatu za kutoa sauti: ile inayoanza na kumalizika yenyewe, ile inayolia wakati umeshikilia tu, na ile inayojirudia mpaka uisimamishe. Sampuli zote ndefu zipe namna ya pili au ya tatu, ili mguu uwe na uwezo wa kuzinyamazisha, na ile ya kwanza uiachie sauti fupi ambazo hata zikitoka mahali pasipo pake zitakuwa zimekwisha kabla ya pigo linalofuata. Tenga swichi moja, ya pembeni kabisa ambayo mguu huipata bila kutazama, iwe ya kusimamisha kila kitu, na kama kifaa kinaruhusu, ipe mfifio wa nusu sekunde badala ya kukata ghafla. Sampuli za wimbo mmoja ziwe katika benki moja, mbali na za wimbo mwingine, ili kosa lolote likuletee walau sauti iliyo katika noti za wimbo huo. Kisha katika mazoezi, mwambie mwenzako akukanyagie swichi isiyo sahihi bila kukupa taarifa, nawe uendelee kupiga kodi yako kwa mkono huku mguu ukitafuta swichi ya pembeni.